Haki Iliyoishia Mtoni

Tulimzika Mama Kavira pale Bwera, upande wa Uganda, nyuma ya nyumba yake, mahali alipokuwa akianika mihogo. Alikuwa mzee sana, na aliondoka kwa namna yake, akiwa amegombana na daktari asubuhi na padri mchana. Watu wa Butembo walivuka mpaka kwa wingi kuja matangani, na mimi nilikaa sebuleni na akina mama wenzangu, mgongo ukiniuma, nikiwasikiliza vijana waliokuwa barazani na simu zao. Walikuwa wanabishana juu ya majeshi. Nchi fulani ilikuwa imevuka mpaka wa jirani yake, na msemaji wake ametangaza kwamba wanajilinda. Kijana mmoja, nadhani ni mwanasheria, maana alikuwa na viatu vya kuchongoka na sauti ya kushinda kesi, alisema kila taifa lina haki ya kujilinda, basi, mjadala umekwisha. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Hasira ya ualimu ikanipanda. Nilitamani kumwita aje mbele aniambie haki hiyo inaanzia wapi na inaishia wapi. Sikumwita, kwa sababu msibani si darasani. Lakini nilikuwa nimekaa katika chumba kilekile nilimofundishwa jibu lake, nikiwa msichana wa miaka ishirini, na aliyenifundisha nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Mwaka wenyewe ni ule wa sabini na tisa. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala na nani, hayo hayana msaada hapa. Itoshe kusema nilikuwa nimefundisha muhula mmoja katika shule ya msingi, vita vikaja, shule ikafungwa, na Mama Kavira akanichukua nimsaidie dukani. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mjane, Mkatoliki wa kuamka kwa kengele, na aliuza vitenge, sabuni ilipopatikana, na chumvi ya Katwe. Chumvi ilijaa chumba cha nyuma, magunia mpaka darini, na kuta zake zilitoka jasho mwaka mzima. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa na ladha ya chumvi, hata chai, hata mto wa kulalia. Sebule ilitenganishwa na ghala kwa pazia la kitenge tu, kwa hiyo aliyekuwa akipima chumvi ndani alisikia kila neno lililosemwa mezani. Mimi ndiye niliyekuwa nikipima.

Chumvi hiyo ililetwa na Baluku. Alikuwa dereva wa lori ambalo Mama Kavira alilikodi, kijana mwembamba, mcheshi, mtu wa kuimba barabarani huku dirisha limefunguliwa, na alikuwa mchumba wangu. Mahari yangu, kwa sababu za kifamilia ambazo nimeahidi kuziruka, ilipokelewa na mjomba wangu Muhindo, aliyekaa ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Zaire. Mahari kwetu ni mbuzi. Baluku aliwavusha mwenyewe daraja la Mpondwe siku ya soko, akiwa amevaa tai, mbuzi wakimvuta huku na huku, na soko zima likasimama kumcheka. Kwetu mto ule haukuwa kitu. Shamba liliweza kuwa huku na jiko huko. Nilikua nikidhani mpaka ni jambo la wenye sare.

Kisha serikali ya Kampala ikaanguka, na wanajeshi wake wakaanza kupita kwetu wakikimbilia Zaire. Walipita kwa malori, kwa baiskeli za kunyang'anya, wengine wakiwa pekupeku. Waliamrisha kwa kile Kiswahili chao cha kambini, leta, toka, fungua, upesi. Mama Kavira alifunga duka akaketi mlangoni na rozari, akiwatazama kama watoto watukutu. Siku moja, kabla ya jua kuwa kali, mwanamke muuza samaki alifika akihema kutoka upande wa Kinyamaseke, akamvuta Mama Kavira pembeni. Nilimwona Mama Kavira akijifunga upya kitenge chake, jambo alilofanya kila alipotaka kusema neno zito.

"Masika, mutoto yangu, kaa kwanza," aliniambia. "Bale basoda benye banakimbia banamubeba Baluku. Banamukuta na kamio, ile lori yangu, pa Kinyamaseke, banapanda bote juu ya chumvi, banamuambia apeleke beye ngambo. Banaisha kuvuka."

"Amejeruhiwa?"

"Huyu anasema alimuona anaendesha. Mutu mwenye anaendesha iko muzima. Shukuru Mungu kwa ile, ingine tutajua."

Wakombozi, ndivyo tulivyowaita wanajeshi wa Tanzania, waliingia Bwera siku chache baadaye. Watu waliruka kwa nderemo kuwapokea na mimi niliruka nao, lakini kwa sababu yangu. Nilikuwa nimeshahesabu kwamba jeshi lililotembea kutoka Kagera mpaka milimani kwetu halitashindwa kuvuka mto ambao mbuzi wanauvuka. Kapteni wao alipanga sebuleni kwa Mama Kavira, kwa kuwa ilikuwa nyumba pekee yenye meza kubwa. Alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa Bukoba, na kabla ya jeshi alikuwa amesoma sheria kule Dar es Salaam. Aliomba ruhusa hata ya kuvuta kiti. Mama Kavira alimpenda mara moja na akaanza kumchokoza papo hapo.

Chakula cha kwanza kilikuwa bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, na samaki wa Katwe. Kapteni aliutazama ugali ukimnata vidoleni, akauliza kwa adabu kama huku ndizi hazipatikani. "Ndizi ya huku iko ya pombe," Mama Kavira akamjibu. "Unataka kulewa ao unataka kukula?" Askari walicheka, na kapteni akacheka kidogo, akala. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kipimo changu cha chumvi, nikingoja wamalize kucheka wazungumzie mto. Waliuzungumzia. Alikuwapo luteni mmoja kijana, damu ikimchemka, aliyekuwa amepanda kilimani na darubini.

"Afande, wale waliokimbia wapo pale pale," luteni alisema. "Wamewekwa katika ghala la kahawa, mkono wa kulia ukivuka daraja. Naona hata moshi wa jikoni kwao. Wengine wana bunduki bado. Nipe kikosi kimoja tu."

"Ile nchi imetushambulia?"

"Hapana, afande. Lakini imewapokea."

"Imewatuma waje kutupiga?"

"Hapana."

"Imewapa silaha?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, usiombe kikosi."

Kijiko kiligonga bakuli. Kisha luteni akauliza swali ambalo nadhani askari wengi walikuwa nalo rohoni. "Afande, naomba kueleweshwa. Tuliwatoa Kagera. Pale tulikuwa tunajilinda, sawa. Masaka je? Kampala? Huku kote tulikuwa tunajilinda? Kama Kampala ilikuwa kujilinda, hapa hatua chache tu mbele kwa nini isiwe?"

Kapteni alisukuma bakuli lake pembeni. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imechoka. "Kampala naweza kuitetea mbele ya mtu yeyote, ingawa nitatoka jasho. Aliyetuvamia alikuwa amekaa Kampala, na alisema wazi kwamba nusu ya mkoa wetu ni wake. Tungeishia mpakani angerudi. Lakini ghala lile liko katika nchi isiyotugusa. Hilo siwezi kulitetea hata nikiamshwa usingizini."

Nilitoka nyuma ya pazia, mikono myeupe kwa chumvi, bila kuitwa na mtu. Sijawahi kuwa msichana wa kunyamaza. Nilimwambia katika ghala lile yumo mchumba wangu, na si mwanajeshi, ni dereva, alitekwa na usukani wake mkononi. Nilimwambia kama walikuja kukomboa watu, basi huyo ni mtu. Luteni alimtazama kapteni kwa macho ya unaona sasa. Kapteni alinivutia kiti nikakataa kukaa.

"Binti," alisema, "nisikilize, halafu unitukane. Walikuja Kagera na vifaru. Nyumba ya mama yangu waliichoma, na ng'ombe wake wakawapakia. Ile ndiyo haki niliyotembea nayo kutoka kwetu mpaka mezani hapa. Sikujipa mwenyewe, nilipewa na aliyenipiga. Imeandikwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha hamsini na moja, kwamba nchi ikishambuliwa kwa silaha inaweza kujitetea. Ikishambuliwa. Jirani huyu hajanishambulia. Nikivuka na bunduki, mimi ndiye mvamizi. Haki yangu naiacha pale darajani, na yeye anaiokota."

"Kwa hiyo Baluku afe kwa sababu jirani ni mtu mwema?"

"Sikusema ni mwema. Nimesema hajanipiga."

"Basi ungoje akupige," nilimwambia, nikarudi kwenye chumvi yangu. Nilipima vibaya mchana kutwa, na Mama Kavira hakunisema.

Nimefundisha uraia kwa zaidi ya miaka thelathini tangu hapo, na kila nilipofika kwenye sura ya sheria za kimataifa nilimsikia mtu yule. Watoto hudhani haki ya kujilinda ni kama umri au urefu, kitu ambacho nchi inacho wakati wote. Mimi niliiona ikija na kuondoka. Kwa mama yake kule Kagera ilikuwepo, kwetu Bwera ilikuwa inapungua, na ng'ambo ya maji, mahali ambapo ningeweza kumwona mtu wangu kama angetoka nje kuota jua, haikuwepo kabisa. Siku zile nisingeweza kuyasema haya kwa utulivu. Nilimwekea kapteni chai isiyo na sukari na nikatumaini itamchoma ulimi.

Risasi zilikuja siku ya soko, jua likiwa utosini. Zilitoka ng'ambo, zikapiga bati la mwuza nyama, na moja ikampata bega mzee aliyekuwa akiuza tumbaku karibu na meza niliyokuwa nikiuzia chumvi ya Mama Kavira. Watu walilala chini, mapapai yakabingirika. Nilimvuta mzee yule nyuma ya magunia nikalifunga bega lake kwa kanga, damu yake ikinilowesha mpaka kiwikoni, na wakati huohuo, Mungu ananiona, nilifurahi. Nilifurahi sana. Nilijiambia, sasa wametupiga. Sasa haki imerudi, na huyu mwanasheria hana pa kujificha. Luteni alishawapanga vijana wake kwenye kingo za mto, na wote walikuwa wakimtazama kapteni. Kapteni alitazama ng'ambo kwa muda mrefu, akauliza kama kuna anayeendelea kupiga. Hakuna, wakamjibu. Akaniomba kitambaa cheupe cha kufunikia vyakula, akakiinua juu kama bendera, akasema, "Binti, unaweza kutafsiri?"

Yeye na watu wa ng'ambo wangeweza kuelewana bila mimi, lakini kapteni hakutaka kubahatisha hata neno moja. Tulisimama katikati ya daraja, yeye amemwachia luteni bastola yake, mimi damu ya mzee ikinikaukia mkononi. Upande wa pili alikuja mkuu wa askari wa Zaire wa pale, mnene kidogo, miwani myeusi, na nyuma yake askari wake wakiwa wametulenga. Nyuma yetu, wa kwetu walikuwa wamewalenga wao. Maji yalipita chini yetu kwa kelele, na nilijua kwamba mtu mmoja akipiga chafya vibaya hatoki mtu pale.

"Muulize nani amepiga raia sokoni," kapteni akasema.

Niliuliza. Yule bwana alivua miwani. "Mulevi moja mu bale bakimbizi. Alikuwa ameficha bunduki mu gunia ya kahawa. Tunaisha kumukamata, iko mu kashoti, banamufunga, na bunduki yake iko hii." Alionyesha bunduki iliyobebwa na askari wake. "Muambie commandant yako vizuri. Haikuwa inchi yangu njo ilipiga. Basoda yangu njo banamukamata. Lakini musoda yake moja akiweka muguu hapa na bunduki, ile ni vita, na ni mimi niko na haki ya kulinda inchi yangu."

Hapo nilikuwa na maneno yao mkononi. Ningeweza kumwambia kapteni kwamba bwana yule amekiri, au amecheka, au amesema watapiga tena. Askari wetu walikuwa na hamu ya kuvuka, na jambo dogo tu lingetosha. Lakini mkono wangu ulikuwa unanuka damu ya muuza tumbaku, na huyo alikuwa mmoja tu. Nikatafsiri neno kwa neno. Kapteni alisikiliza, akauliza kama wengine wote wamenyang'anywa silaha. Bote, akajibu. Na je, wataondolewa mpakani? "Soko yenye inakuja, kamio inabapeleka Beni," bwana yule akasema. Kapteni alimshukuru. Ilinibidi niitafsiri shukrani hiyo pia, na niliitafsiri kwa shingo upande, maana Beni ilikuwa mbali, na waliopelekwa mbali mwaka ule hatukuwa tukiwasikia tena.

Jioni ile luteni hakula. Nilimsikia akisema kwamba damu ya raia imemwagika na sisi tunabeba vitambaa vya jikoni. Kapteni alimjibu polepole kwamba mlevi mmoja si jeshi la nchi, na kwamba jirani aliyemkamata mhalifu na kumfungia amefanya kazi ambayo tungevuka kuifanya, sasa tuvuke kufanya nini? "Ukijilinda dhidi ya kitu kilichokwisha, hujilindi, unalipiza," alisema. Luteni alitoka nje na mlango ukagonga.

Aliyetuletea njia alikuwa mjomba Muhindo, na hakuwa amesoma kifungu chochote. Siku hizo wanawake waliendelea kuvuka na vikapu vyao, kwa sababu hakuna mwenye sare, huku wala huko, aliyewahi kufaulu kuwazuia, na kupitia kwao mjomba alipata habari za Baluku na akatuletea za kwake. Alikuwa amekwenda kwa yule mkuu mwenye miwani akamwambia, miongoni mwa wafungwa wako yumo mkwe wangu, na mwanajeshi haleti mbuzi wa mahari. Mkuu alicheka, akasema ghala zima limejaa watu waliotupa magwanda yao mtoni, na kila mmoja ni dereva au mwalimu. Mjomba akamwambia njoo uwaone mbuzi. Na yule bwana, kumbe ana mabinti wanne nyumbani kwake, akapanda kilima kweli, akaketi kwa mjomba, akaonyeshwa zizi, na majirani wakatoka mmoja mmoja kushuhudia siku mbuzi wale walipovuka daraja na nani alikuwa amevaa tai. Mwishoni alikubali nusu. Alisema mbuzi wanathibitisha kwamba yuko mkwe, lakini hawathibitishi ni yupi kati ya wale. Mke aje mwenyewe amwonyeshe kwa kidole, bila askari, bila bunduki, kabla ya lori la Beni.

Mama Kavira alisikiliza yote hayo akiwa anachambua maharagwe. "Utaenda," alisema. Haikuwa swali. Kapteni, aliyekuwa mezani, aliinuka.

"Hujui kama ni mtego."

"Wewe unajua njia nyingine?" nilimuuliza.

Kapteni alizunguka meza, mikono nyuma. "Ukivuka siwezi kukufuata. Unaelewa ninachosema? Hata nikikuona unaburutwa. Nitakuwa nimesimama pale na vijana wangu na mizinga yangu yote, na nitakutazama tu."

"Kutazama unakujua," nilimjibu.

Ilimwingia. Nilimwona uso ukibadilika, na sikumhurumia hata kidogo. Siku ya soko nilijitwika kikapu, nikavaa kitenge cha Mama Kavira, nikapita mbele yake pale darajani bila kumsalimu. Sikugeuka nyuma mpaka nilipomaliza daraja.

Ghala lilinuka kahawa mbichi na watu. Walikuwa wamekaa chini kwa safu, na nilipoingia wote waliinua nyuso, na uso wa kila mmoja ulikuwa unaniomba. Mwanamume mmoja nisiyemjua aliita, "Dada, ni mimi! Wamtambua kaka yako!" Mwingine akaanza kulia. Yule mkuu alisimama nyuma yangu akasema, "Onyesha, madame. Moja tu." Sikumwona Baluku. Nilipita safu ya kwanza, nikapita ya pili, jasho likinitiririka mgongoni, nikaanza kufikiri kwamba ameshakufa na mimi nimekuja kuokoa mbuzi. Alikuwa pembeni mwa ukuta, amekonda, amevaa koti la jeshi ambalo mtu alimpa kwa baridi, na hakuwa anatazama mlango kwa sababu hakuwa akimngojea mtu. Nilimnyooshea kidole. Mkuu akamuuliza alivaa nini siku aliyopeleka mbuzi. "Tai," Baluku akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Wakatuachia.

Kwenye njia panda, mkono mmoja ukishuka darajani na mwingine ukipanda kwa mjomba, Baluku alisimama. Alikataa kushuka. Nilidhani amechoka. Kumbe ndani ya ghala lile walikuwa wameambiana kwamba Wakombozi wanampiga risasi kila atokaye ng'ambo. Nilimwambia nimeishi nao, kapteni mwenyewe anakula kwetu, ananijua. "Anakujua wewe," Baluku akasema. "Mimi ndiye niliyewaendesha. Nimevaa koti lao. Nikifika pale nitamwambia nini, mbuzi?" Nilimvua lile koti, nikalitupa kwenye migomba, nikamsihi, nikamtukana. Aliketi chini njiani akafunika kichwa kwa mikono. Nilipoona hivyo niliacha. Niliwaomba wanawake waliokuwa wakirudi Bwera wampe kapteni habari kwamba tumepona, kisha tukapanda mlima. Mchana uleule daraja likafungwa kwa siku kadhaa, wanawake wale wakabaki ng'ambo kwa jamaa zao, na kesho yake sisi tulikuwa tumeshapata lori la kutupeleka Butembo, mahali ambapo Baluku angepata kazi na hakuna sare iliyomjua. Nilidhani habari zimefika, na sikuwaza tena juu yake.

Krismasi tulishuka kula kwa mjomba. Nyumba ilijaa, kulikuwa na nyama, kulikuwa na chai yenye sukari, kitu ambacho mwaka ule hakikuonekana huku wala huko. Mjomba alikuwa amekunywa vya kutosha, akasimama kuwachekesha wageni. "Munajua mukubwa moja alikuja hapa kutafuta huyu Masika?" akaanza. "Soko ile ingine, kisha beye kwenda Butembo. Mutu murefu! Shati inamubana, kifurushi ya sukari mu mukono, peke yake. Anasema Kiswahili ya kitabu." Akajinyoosha, akabana sauti: "Shikamoo mzee. Namtafuta binti mmoja, aitwaye Masika." Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa alimpatia kabisa.

Kwetu mpakani, mgeni mwenye mwendo wa kiserikali akija kuuliza mtu wa nyumbani, jibu ni moja na hata mtoto analijua: huyo amekufa. Wafu hawaitwi kortini wala hawapelekwi jeshini. Jibu hilo limeokoa watu wengi, na mjomba alilitoa bila kupepesa macho. "Nikamuambia, huyo Masika na bwana yake banabaua siku ile ile. Anaomba nimuonyeshe kaburi. Siye hatuna kaburi! Nikamupeleka pa bale majirani babili benye banakufa na ugonjwa ya tumbo, udongo iko mubichi bado." Alikuwa anacheka mpaka machozi. "Akapiga magoti mu matope, na suruali yake ya pasi. Anasema, Masika, nisamehe, nilikutazama tu. Nilikutazama tu. Vile mara mingi. Kisha anaacha sukari yake pale juu. Sasa ningeacha mvua iikule? Njo hii munakunywa."

Baluku alikuwa ameshika ubavu kwa kucheka. Nilishusha kikombe changu mezani na sikukigusa tena.

Mama Kavira alikuja kunisimulia sehemu yake tulipoweza kuvuka tena. Kapteni alisubiri mpaka soko lililofuata. Kisha akaacha bunduki, mkanda na magwanda juu ya kitanda, yamekunjwa, akaazima shati la marehemu mume wa Mama Kavira, akamuuliza mama huyo mtu asiye na silaha anavukaje daraja lile. Mama Kavira akamwambia, kama kila mutu. Aliporudi hakusema alichokiona, na hakula. Wiki hiyohiyo kikosi chake kikaitwa kaskazini, kabla wanawake wale hawajarudi na habari yangu.

Kila nikutanapo na mtu wa Bukoba namuuliza. Namweleza urefu wake, luteni wake, mama yake aliyechomewa nyumba. Wanasikiliza vizuri, halafu wananiuliza aliitwa nani. Sisi tulimwita Kapteni, na askari wake walimwita afande. Yeye alilijua jina langu, alilitamka kwa magoti juu ya kaburi la mtu mwingine. La kwake, nilikuwa na hasira naye, sikuwahi kumuuliza.